Tusipake Rangi Juu ya Unyevu

Kila inapokaribia Noeli familia nyingi hununua rangi. Ni desturi nzuri. Lakini hapa Bukoba, ambako mvua hufikia takriban milimita 2,000 kwa mwaka, rangi nyingi hupakwa juu ya ukuta uliolowa, na kufika Pasaka imekwisha kubabuka. Nasi tumefanya kosa hilo: chumba cha watoto tulikipaka rangi ya mafuta mara mbili, na mara zote mbili ukungu mweusi ulirudi nyuma ya kitanda.

Ukungu huo hauharibu sura ya nyumba tu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na ukungu majumbani, likaeleza kuwa wakaaji wa nyumba hizo wamo katika hatari zaidi ya kukohoa, kubanwa kifua na kuugua pumu. Mzazi anayenunua dawa ya kikohozi kila mwezi, kisha akamlaza mtoto katika chumba kile kile, anateka maji kwa pakacha.

Kwanza tujue maji yanatoka wapi. Unyevu wa ardhini huanzia chini, kwa kawaida haupiti sana kimo cha mita moja, na mara nyingi huacha unga mweupe wa chumvi juu ya lipu. Maji ya mvua huleta doa kando ya dirisha au chini ya dari, nalo hukua mvua inaponyesha. Unyevu wa tatu tunautengeneza wenyewe: pumzi za watu wanne katika chumba kilichofungwa, mvuke wa sufuria, nguo zilizoanikwa ndani. Huo hutua penye baridi, hasa kwenye kona na nyuma ya kabati. Mkiwa na shaka, bandikeni kipande cha nailoni ukutani, mzibe kingo zote kwa utepe wa gundi, mkiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke. Yakiwa upande wa ukutani, ukuta wenyewe una maji.

Wazee wetu katika msonge hawakusumbuliwa na mvua ya kupiga ukuta, kwani nyasi za paa zilishuka karibu hadi chini. Sisi tumeezeka bati, tukafupisha kingo ili kuokoa mabati mawili, na maji yote yanaangukia msingi.

Maoni yetu ni kwamba fedha ya rangi ya mwaka huu iende kwanza kwenye gata na jembe. Udongo ulioegemea ukuta uondolewe hadi uwe sentimita 15 chini ya sakafu, na mtaro upeleke maji mbali. Anayejenga sasa asikubali fundi aruke karatasi ya lami kati ya msingi na ukuta. Kuiweka baadaye ni kazi ngumu na ya gharama. Tofali za udongo zikifunikwa kwa saruji na rangi ya mafuta hazikauki vizuri. Chokaa huziacha zipumue.

Ukungu uliopo ufutwe kwa maji ya sabuni, pua ikiwa imefunikwa na watoto wakiwa nje. Msichanganye klorini na dawa ya choo, hewa yake ni sumu.

Usiku wa leo sogezeni kitanda cha mtoto mbali na ukuta ule. Akikohoa zaidi ya wiki mbili apelekwe zahanati, hata kama ukuta umekauka.