MKONDO ULIO MLANGONI PETU

Mvuvi wa Rasbura, mjini Lindi, hahitaji kuelezwa mkondo wa bahari ni nini. Ajua kwamba wakati wa kusi maji hukimbilia kaskazini kwa nguvu, na kaskazi ikivuma hupungua kasi. Sisi tulio maofisini na madarasani ndio ambao mara nyingi hatulijui jambo hilo.

Mkondo huo hauanzii Lindi. Hutoka mashariki, katikati ya Bahari ya Hindi, hupita kaskazini mwa Madagaska, na hulifikia bara la Afrika karibu na Rasi Delgado, kusini kidogo ya mpaka wetu na Msumbiji. Hapo hugawanyika: sehemu moja hushuka kusini, nyingine hupanda kupitia Mtwara, Lindi, Kilwa na Mafia hadi Kenya. Pwani ya kusini, basi, ndiyo mlango wa maji ya bahari kuu nchini mwetu.

Na maji hayo yanazidi kupata joto. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada litokanalo na gesi za viwanda na magari ya dunia limemezwa na bahari. Upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, ulio wetu, joto la uso wa maji liliongezeka kwa nyuzi 1.2 hivi kati ya 1901 na 2012. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, hutanda juu, na kuyazuia maji baridi ya kilindini yenye rutuba yasipande. Hapo chakula cha samaki hupungua.

Dalili tumeziona. Mwaka 1998, na tena 2016, matumbawe ya pwani yetu yaligeuka meupe kwa joto. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara kuu ya kusini. Hatusemi kila tufani ni zao la joto hilo. Lindi ilipigwa na kimbunga Aprili 1952. Twasema kwamba bahari yenye joto huziongezea tufani nguvu.

Taifa letu halikuwasha moto huu, lakini hilo halituondolei wajibu. Mwanafunzi wetu hukariri mikondo ya Atlantiki, asiujue ule unaopita mbele ya shule yake. Mwalimu wa jiografia hana budi kuanzia ufukweni. Afisa uvuvi naye, samaki wapunguapo, asifanye haraka kumlaumu mvuvi. Amsikilize, aandike siku, upepo na mavuno, ili kumbukumbu hizo ziwafae watafiti wetu. Na tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa isiishie katika jalada. Ifike ufukweni kabla ngalawa haijashushwa majini.

Wala joto la dunia lisiwe kisingizio cha baruti na ukataji wa mikoko. Bahari iliyochoka kwa joto haina nguvu ya kustahimili maovu yetu pia.

Mzee wa Rasbura ana ujuzi wa miaka mingi, na ofisi ina vipimo. Vikikaa mbalimbali, vyote viwili vitapotea bure. Kuviunganisha ni kazi ya mtumishi wa umma na mwalimu, na hakuna mwingine wa kumwachia.