Mwanangu wa Ohio anataka bunduki ya kuwindia, nimkataze?

Wiki mbili zilizopita nilipokea barua ya mama mmoja wa Morogoro. Nimeifupisha kwa ruhusa yake:

"Dada, mwanangu yuko Columbus, Ohio, huu mwaka wa tisa. Ana mke na watoto wawili, mmoja ana miaka 9 na mwingine 4. Juzi alinipigia simu ya video huku anacheka, akasema jirani yake Mmarekani amemwalika kuwinda kulungu msimu ujao, na anatafuta bunduki ya bei nafuu. Tangu siku hiyo silali. Baba yake anasema mtoto wa kiume akileta nyama nyumbani asizuiwe. Nimkataze?"

Mama mwenzangu, mwanaume mwenye mke na watoto wawili hakatazwi kwa simu. Atakujibu "sawa mama", kisha atafanya alilokusudia, na safari nyingine hatakuambia. Lakini mama ana haki ya kuuliza. Mimi nimekuandalia maswali manne. Akiyajibu yote bila kubabaika, lala. Akibabaika hata kwenye moja, mwambie angoje.

Kwanza tuondoe hofu isiyo na sababu. Kuwinda kulungu huko ni jambo la familia za kawaida. Mnyama mwenyewe siye huyu kulungu wetu wa vichakani. Ni mkubwa zaidi, mkia wake ni mweupe kwa chini, na dume huota pembe zenye matawi anazoziangusha kila mwaka. Ni wengi mno, hugongwa na magari na kula mazao ya wakulima, ndiyo maana serikali ya jimbo inaruhusu wawindwe kwa msimu na kwa hesabu. Mnyama mmoja akichinjwa na kukatwakatwa, friji ya familia inajaa kwa miezi. Kwa hiyo kijana wako hajaingia kundi baya. Sasa tuje kwenye maswali.

Swali la kwanza: Karatasi zako zinasemaje?

Hili liulize kabla ya bei. Sheria ya Marekani nzima inaangalia mgeni ameingiaje na yuko kwa hadhi gani. Mwenye kadi ya kijani, au aliyepokelewa kama mkimbizi, anaruhusiwa kununua kama raia. Aliyeko kwa viza ya muda, kama ya masomo, hakubaliwi kununua wala kushika bunduki au risasi, isipokuwa awe na sababu iliyotajwa kwenye sheria, mojawapo ikiwa ni leseni halali ya kuwinda iliyotolewa na jimbo. Na ambaye muda wake umekwisha, au hana karatasi, hatakiwi kuigusa kabisa.

Kuigusa ni pamoja na kuishika kwa dakika chache. Kuna kijana wa Falme za Kiarabu aliyekwenda kusoma Florida, chuo kikamwondoa na viza ikakoma. Alikwenda kwenye kiwanja cha kulenga shabaha, akalipia, akapiga risasi, akaenda zake. Alishitakiwa na kuhukumiwa kifungo. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu mwaka 2019, majaji walisema serikali ilipaswa kuthibitisha kwamba alijua hadhi yake imekwisha. Lakini hadi hapo miaka ilikuwa imepita na maisha yameharibika.

Dukani atapewa Fomu 4473 aijaze, na muuzaji ataulizia jina lake kwenye mfumo wa FBI kabla ya kumkabidhi. Ajaze kweli tupu. Fomu inauliza kama umewahi kuhukumiwa kwa kumpiga mwenzi wako. Inauliza pia kama unatumia bangi, na hapa vijana wengi huteleza: Ohio iliruhusu bangi kwa watu wazima kwa kura ya mwaka 2023, lakini fomu ni ya serikali kuu, nayo inakuonya palepale kwamba ruhusa ya jimbo haikusaidii.

Na umwonye kwa jambo moja ambalo sisi Waswahili tuna udhaifu nalo. Atatokea ndugu au rafiki aseme, "Wewe una kadi ya kijani, ninunulie na mimi, hela yangu hii hapa." Hiyo siyo fadhila. Kumnunulia mtu mwingine kwa kujifanya unanunua yako ni kosa, na sheria iliyopitishwa mwaka 2022 inafikisha kifungo chake miaka 15. Kwa mgeni, hukumu ya kosa la silaha inaweza pia kumrudisha kwao hata kama ana kadi ya kijani. Hapo wajukuu zako wanabaki bila baba kwa ajili ya aibu ya kumwambia mtu hapana.

Swali la pili: Hiyo bunduki inakubalika Ohio?

Hapa ndipo methali yetu ya rahisi inavunja upishi inapotimia. Kila jimbo lina kanuni zake za silaha ya kulungu. Kijana atakutana na mtu anayeuza kwa bei ya kutupa raifo nzuri ya .30-06 au .308, ambayo Texas inaua kulungu kila siku. Ohio haimfai. Ardhi ya Ohio sehemu nyingi ni tambarare na nyumba zimetawanyika kila upande, kwa hiyo jimbo halitaki risasi zinazokwenda mbali.

Zinazokubalika msimu wa bunduki ni hizi. Ya kwanza ni shotigani ya geji 10 au ndogo kuliko hiyo, inayopiga risasi moja nzito kila mara. Marisau ya kutawanyika hayaruhusiwi kwa kulungu. Ya pili, tangu mwaka 2014, ni raifo inayotumia risasi yenye ganda lililonyooka kama kipande cha bomba, siyo lile lililobanwa shingoni kama chupa, na kipenyo kiwe kati ya .357 na .50. Kwa aina zote mbili, ndani zisizidi risasi 3. Lipo pia gobore, ndiyo, gobore kama la babu zetu ila la kiwandani, na lina msimu wake Januari. Bastola ziko kwenye orodha, lakini kwa mtu anayejifunza asizifikirie.

Idara ya wanyamapori ya Ohio hutoa kitabu cha kanuni kila mwaka, bure, na kanuni hubadilika. Akisome cha mwaka huo kabla ya kutoa hela.

Mimi ningependa mwanao aanze na bunduki ya kuvunja katikati, inayoingia risasi moja tu. Bei yake mpya ni kati ya dola 300 na 500, kutegemea kiwanda. Haina mambo mengi ya kuharibika, na ukiikunja, mtu yeyote aliye karibu anaona kwa macho kama ina risasi au haina. Mkwe wako ataona, na jirani ataona. Shotigani ya kusukuma kwa mkono huweza kushuka hadi karibu dola 250, nayo ni imara. Kwa shotigani achague geji 20 kuliko 12 kama hajazoea, maana geji 12 ikiwa na risasi nzito hupiga teke begani hadi mtu anaanza kufumba macho kabla ya kufyatua. Mtu anayefumba macho hujeruhi mnyama na kumpoteza porini. Kwa raifo, risasi ya .350 Legend iliyotoka mwaka 2019 ilitengenezwa kwa ajili ya majimbo ya namna hii na haina teke kali.

Iliyotumika anaweza kununua, lakini anunue dukani. Ya mtu wa mtandaoni aliyekutana naye kwenye maegesho ya magari haijui historia yake. Ikiwa ni ya wizi, maelezo atayatoa yeye.

Swali la tatu: Umehesabu gharama zote?

Watu hutaja bei ya bunduki na kunyamaza. Mwambie aandike kwenye karatasi: leseni ya kuwinda pamoja na kibali cha kulungu, kwa mkazi, ni kama dola 50. Risasi za kuwindia, na nyingine za kufanyia mazoezi kabla ya msimu, maana bunduki isiyorekebishwa shabaha ni kelele tupu. Fulana ya rangi ya chungwa inayong'aa, ambayo ni lazima kisheria msimu wa bunduki ili wawindaji wasipigane risasi. Mkanda wa kujifunga kama atakaa juu ya mti. Na kufuli pamoja na kabati la chuma. Bunduki ya dola 300 inakuwa jambo la dola 600 hivi.

Mafunzo yenyewe hayana bei ya kutisha. Anayeomba leseni mara ya kwanza Ohio lazima apite kozi ya wawindaji, na yapo madarasa ya ana kwa ana yasiyolipiwa. Aende darasani hata kama ya mtandaoni ni ya haraka, kwa sababu darasani anashika, anakosea, na anasahihishwa.

Tena ipo njia ya nafuu kuliko zote. Ohio ina leseni ya mwanafunzi wa uwindaji. Mtu huruhusiwa kwenda kabla ya kozi, akiwa anasindikizwa na mtu mzima wa miaka 21 au zaidi mwenye leseni. Mwanao, ikiwa karatasi zake ziko sawa, anaweza kwenda msimu mzima na huyo jirani, akatumia bunduki ya jirani, akaona kama kukaa kwenye baridi saa 5 bila kusema neno ni kitu anachokitaka kweli. Wengi hurudi wakasema nyama nzuri ni ya buchani. Nyumba hiyo itakuwa imeokoa dola 600.

Swali la nne: Italala wapi?

Mama, hili ndilo swali lako. Yale matatu anaweza kuulizwa na polisi au mwenye duka, lakini hili ni la bibi wa watoto.

Mjomba wangu alikuwa na gobore. Alilificha darini, juu ya magunia ya mahindi, na aliamini hakuna ajuaye. Sisi watoto wa nyumba ile tulijua lilipo kabla hatujajua kuandika majina yetu. Siku moja kaka yangu alilishusha na kunilenga, tukicheka. Halikuwa na baruti siku hiyo. Nimekuwa mtu mzima na bado sijui kwa nini halikuwa nayo.

Kuficha hakutoshi. Mtoto wa miaka 4 anapanda kila kitu, na wa miaka 9 anataka kuwaonyesha wenzake. Mwaka 2020 bunduki zilipita ajali za magari na kuwa sababu ya kwanza ya vifo vya watoto na vijana Marekani. Katika vifo hivyo wapo waliouawa, wapo waliochezea, na wapo vijana waliokuwa na huzuni ambayo wazazi hawakuiona, wakajua mahali ufunguo ulipo.

Kwa hiyo jibu unalotaka kulisikia ni hili: bunduki haina risasi, imefungwa kufuli, iko ndani ya kabati lililofungwa. Risasi ziko mahali pengine, nazo zimefungwa. Ufunguo haukai juu ya mlango wala ndani ya kikombe cha kabatini. Polisi wa miji mingi hugawa kufuli za waya bure, akaombe. Na kama jirani yake ana kabati kubwa la chuma na anamwamini, bunduki ikae huko kuanzia msimu unapokwisha hadi mwingine. Si aibu.

Halafu omba kuzungumza na mkwe wako peke yake. Muulize kama amekubali, au ameambiwa tu. Kitu hicho kitakuwa nyumbani kwake mchana, mumewe akiwa kazini. Akisema hataki, basi hilo limekwisha, na wewe ndiye wa kumwambia mwanao. Bado anaweza kuwinda: Ohio inaruhusu upinde wa kawaida na ule wa mtambo, msimu wake huanza mwishoni mwa Septemba hadi Februari, na upinde hauna Fomu 4473. Nao hufungiwa vilevile.

Baba yake mwambie nimemsikia. Mtoto akileta nyama asizuiwe. Ila aulizwe ameitoa wapi, na alichoitumia amekiweka wapi.

Nawe ukishapata majibu, niandikie. Nataka kujua kama umelala.