Barua ya wazi: kuku wetu wanahitaji dawa mpya ya kuhara damu

Kwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Wakala ya Maabara ya Veterinari (TVLA) na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Tanzania

Waheshimiwa,

Nawaandikia kuhusu ugonjwa ambao kila mfugaji wa kuku anaujua: kuhara damu, au koksidiosisi kwa jina la kitaalamu. Vifaranga wakiwa na wiki tatu au nne, asubuhi unawakuta wamejikunyata pembeni mwa banda, mabawa yameshuka, manyoya yamesimama, na maranda yana madoa mekundu. Ukimpasua aliyekufa, vile vifuko viwili vya mwisho wa utumbo vimevimba na kujaa damu. Hiyo ni kazi ya Eimeria tenella, kimelea cha seli moja kinachokula utumbo kutokea ndani.

Mfugaji anakimbilia duka la dawa za mifugo. Anapewa amprolium au dawa ya salfa, anachanganya kwenye maji ya kunywa, anangoja. Vifaranga wakiendelea kufa anarudi kuuliza: dawa ni feki, nimekosea kipimo, au kimelea kimekuwa sugu? Dukani hapati jibu, maana jibu hilo hutoka maabara.

Dawa zenyewe ni za zamani. Salfa zilianza kutumika kwa kuku katika miaka ya 1940. Amprolium ilifuata mwaka 1960. Monensin, inayowekwa kwenye chakula cha kuku wa nyama, iliruhusiwa Marekani mwaka 1971. Usugu dhidi ya dawa za makundi haya yote umekwisha ripotiwa katika nchi mbalimbali, na mwaka 2020 watafiti walikadiria kuwa ugonjwa huu unaigharimu dunia takriban pauni bilioni 10 za Uingereza kwa mwaka.

Najua jibu la kwanza litakuwa usafi wa banda. Ni kweli, maranda makavu yanapunguza ugonjwa, na kila mfugaji ahimizwe. Lakini vijiyai vya Eimeria vina ganda gumu ambalo dawa za kawaida za kusafishia banda haziliwezi, na penye joto na unyevu vinakomaa na kuwa tayari kuambukiza ndani ya siku mbili hivi. Chanjo nazo zipo, ila zinataka jokofu kutoka kiwandani hadi bandani. Mwenye kuku mia vijijini zinampita mbali.

Kwa hiyo tunahitaji dawa mpya, na dawa mpya inahitaji shabaha mpya ndani ya mwili wa kimelea. Amprolium inafanana na vitamini B1, hivyo inakizuia kimelea kuipata vitamini hiyo. Salfa zinakizuia kutengeneza foleti. Njia hizo kimelea kimeshazizoea. Mwaka 2014 zilichapishwa jenomu za spishi zote saba za Eimeria zilizokuwa zikijulikana kwa kuku wakati huo, na humo yamo mengi ya kufanyia kazi. Kinachonivutia zaidi ni apikoplasti, kiungo kidogo ndani ya seli ya kimelea chenye asili ya mwani. Kuku hana kitu hicho. Dawa itakayokizima ina nafasi nzuri ya kukiua kimelea bila kumdhuru kuku.

Na hapa ndipo Tanzania ina mtaji. Kimelea cha malaria ni jamaa wa Eimeria, nacho kina apikoplasti. Nchi hii imejenga utaalamu mkubwa wa malaria katika taasisi za utafiti, Ifakara na kwingineko. Klorokwini iliposhindwa tuliiacha mwaka 2001 tukahamia SP (sulfadoksini na pirimethamini), kisha mwaka 2006 tukahamia dawa mseto ya ALu, kwa sababu kulikuwa na watu waliopima na kusema wazi kwamba dawa haifanyi kazi tena. Wataalamu wa namna hiyo wakae meza moja na madaktari wa mifugo wa SUA, Morogoro. Molekuli zinazojaribiwa kwa malaria zijaribiwe pia kwa Eimeria. Uwezo wa kufikisha matunda kwa mfugaji tunao: chanjo ya mdondo ya I-2, inayostahimili joto, inatengenezwa Kibaha.

Ninachoomba kwanza ni kazi isiyo na makuu: kukusanya vimelea kutoka mabanda ya mikoa mbalimbali, kuvipima dhidi ya dawa zilizopo madukani, na kutangaza matokeo kwa Kiswahili, ili bwana mifugo wa kata ajue dawa ipi bado inafaa kwake. Vimelea hivyo vihifadhiwe, maana ndivyo vitakavyotumika kujaribia shabaha mpya. Hatuwezi kutegemea majaribio ya vimelea vya Ulaya peke yake.

Kazi hii haiwezi kufanywa kwa fedha za mradi wa mwaka mmoja. Tunaomba iingizwe katika bajeti ijayo ya Wizara kwa jina lake, na kiasi chake cha fedha kionekane.