Kinanda Si Hakimu wa Sauti

Kuna neno tunalolisikia mara nyingi katika mazoezi ya kwaya: «Unakosea wewe, sikiliza kinanda!» Mwimbaji huinamisha kichwa, na juma lifuatalo haji tena. Sisi twasema kwamba neno hilo mara nyingi si la haki. Nasi tutalikataa kwa hesabu, si kwa hasira.

Sauti ni mtetemo wa hewa. Tuchukue do inayotetemeka mara 240 kwa sekunde. Do ya juu hutetemeka mara 480, yaani maradufu kamili. Sol ni 360: do ikitetemeka mara 2, sol hutetemeka mara 3. Mi ni 300: do mara 4, mi mara 5. Basi do, mi na sol ni kama 4, 5 na 6. Zikiimbwa pamoja hivyo hutulia, na sikio huridhika.

Kwa kipimo hicho kimoja twaweza kujenga ngazi nzima. Tutafute sauti ambayo do ya juu ni sol yake: ndiyo fa, 320, na katikati yao twapata la, 400. Kisha tuanzie sol, 360: twapata si, 450, na re ya juu, 540. Re hiyo tukiishusha kwa nusu ni 270. Tazameni sasa: 240, 270, 300, 320, 360, 400, 450, 480. Ngazi imekamilika, wala hatukubahatisha kitu.

Tupime na kinanda. Mafundi wake wamegawanya nafasi kutoka do hata do katika hatua 12 zilizo sawasawa. Sol imebaki karibu mahali pake, lakini mi imepanda kupita 302. Je, ni kidogo? Bonyezeni do na mi pamoja, mkasikilize: sauti hutikisika mara 9 au 10 kwa sekunde. Mwimbaji aliyeshika 300 ameimba sawa. Kinanda ndicho kilichopanda, naye ndiye anayekemewa!

Wengine watajibu: «Kinanda kimetoka kwa wataalamu wa Ulaya, hakiwezi kukosea.» Lakini huko huko Ulaya, Mfransisko Gioseffo Zarlino alichapisha kitabu Venezia mwaka 1558, akafundisha hesabu hizi hizi, akasema ndizo za sauti za wanadamu.

Mbona basi mafundi waliziacha? Walikuwa na sababu. Re yetu ya 270 ikitaka kupatana na la, yahitaji la ya 405, nasi tunayo ya 400. Kitufe kimoja hakiwezi kutoa sauti zote mbili. Kwa hiyo mafundi waligawa upungufu huo kidogo kidogo kwa vitufe vyote. Ni akili njema, twawasifu. Lakini koo la mtu halina vitufe! Laweza kwenda 400 sasa na 405 baadaye, mradi sikio liko wazi.

Hatusemi kinanda kitupwe. Wala hatusemi kwamba likembe za wazee wetu zafuata hesabu hizi: kila fundi huzilinganisha kwa sikio lake na kwa wimbo wake. Twasema tu kwamba sikio ndilo hakimu, na kinanda ni mtumishi. Mwaka 1958, vijana wa Kamina walipoimba Missa Luba pamoja na Padri Guido Haazen, hawakuongozwa na kinanda. Ngoma zilitosha, na Ulaya ikawasikiliza.

Basi, walimu wa kwaya, fanyeni hivi. Kinanda kitoe do mara moja, kisha kinyamaze. Wenye do waishike. Wenye sol waingie, wangoje mpaka sauti itulie. Wenye mi waingie mwisho, polepole, wakitafuta mahali ambapo mtikisiko wakoma. Watapajua wenyewe, bila kuambiwa.

Jaribuni hivyo majuma machache. Na wale mliowafukuza kwa sababu hawakufanana na kinanda, waiteni warudi. Pengine walikuwa wakisikia vizuri kuliko sisi sote.