Neno la Mzee wa Bandiagara

Kuna neno moja ambalo siku hizi halikosekani katika hitima na matanga yetu. Afapo mzee mwenye jina, msemaji husimama, akakohoa kidogo, akasema kwamba mzee akifa katika Afrika ni maktaba iliyoteketea kwa moto. Kisha huongeza: wahenga walisema. Watu hutikisa vichwa, Fatiha ikasomwa, kila mtu akashika njia yake.

Wahenga hawakusema. Neno hilo lina mwenyewe, naye ana jina na mji. Ni Amadou Hampâté Bâ, Mfulani wa Bandiagara katika nchi ya Mali, aliyesimama mbele ya mkutano wa UNESCO mjini Paris mwaka 1960, mwaka ule ule nchi yake ilipopata uhuru.

Huenda msomaji akauliza, pana dhara gani? Neno si zuri? Ni zuri sana. Lakini sisi tuliopitia chuoni tulifunzwa kuwa hadithi ina matini na ina isnadi, na kwamba matini iliyokosa isnadi haina pa kushika. Wanazuoni hawakutosheka kujua ni nani kapokea kwa nani. Walipekua na maisha ya kila mpokezi, ukweli wake na uhifadhi wake. Hatusemi maneno ya watu yawekwe daraja moja na Hadithi za Mtume (S.A.W.), la hasha! Adabu ya kuuliza ndiyo tunayoitaka. Methali haina mwenyewe wala haimdai mtu, lakini neno lenye mwenyewe ni ushahidi, na shahidi hutazamwa.

Basi na tumtazame. Alizaliwa mwanzo wa karne ya 20, akasoma Kurani kwa Tierno Bokar, mwalimu wa tarika ya Tijaniya aliyekuwa na chuo chake hapo hapo Bandiagara. Mwaka 1912 serikali ya Wafaransa ikamchukua kumtia skuli yake. Mwaka 1921 alipotakiwa aende Gorée kuendelea na masomo, mamake alikataa. Kijana akamtii mama, na kwa utiifu huo akaadhibiwa: alipelekwa mbali, Ouagadougou, awe karani wa daraja ya chini kabisa. Wakubwa wale walidhani wamemkomoa. Kumbe ukarani ndio uliomzungusha nchi, na kila alikofika aliwakalia wazee kitako, akawasikiliza na kuandika.

Mwaka 1942 Théodore Monod alimpokea Dakar katika chuo cha utafiti cha IFAN. Kwa kuandika tarehe ya dola ya Wafulani wa Macina alikusanya habari kwa muda wa miaka 15, kwa watu wapatao 1,000, akilinganisha kauli ya huyu na ya yule. Kitabu alichokitunga pamoja na Jacques Daget kilitoka mwaka 1955. Kwa hivyo alipofika Paris miaka mitano baadaye, hakuwa msemaji wa matanga. Alikuwa mtu aliyekwisha kuzima moto kwa mikono yake.

Na maneno yake hayakuwa haya tuyasemayo sisi. Alikuwa akiwataja wajuzi wa mapokeo, wale waliofunzwa wakahifadhi, wala hakusema kila mwenye mvi. (Wako wazee ambao kufa kwao, Mungu atusamehe, hakuunguzi hata daftari.) Tena alisema kinachoungua ni hazina ambayo haijatumiwa bado. Hapo ndipo penye lawama, na ndipo sisi tulipopakata. Lawama ile ilikuwa yetu sisi tulio hai, nasi tumeigeuza kuwa sifa ya maiti.

Wala hatuna haja ya kwenda Mali kutafuta mfano. Muyaka bin Haji alifariki hapa Mombasa karibu na mwaka 1840. Mashairi yake yalibaki vifuani mwa watu kwa miaka ipatayo arubaini, mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipoyakusanya na kuyaandika, akishirikiana na mmishenari Taylor. Sikujua alifariki mwaka 1890. Diwani ikapigwa chapa Johannesburg mwaka 1940, na karatasi za Taylor ziko London. Lau Sikujua angalitosheka kumsifu Muyaka barazani, leo tungalikuwa na jina tupu.

Wako hadi sasa, Lamu, Mombasa, Vanga, wajuao nyota na pepo za kusafiria, wajuao tenzi ambazo hazijatiwa kitabuni, na maneno ya ushonaji wa vyombo ambayo hayamo katika kamusi. Zamani tulitoa udhuru wa kukosa vifaa. Leo kila kijana ana simu mfukoni inayonasa sauti saa nzima. Na aende kwa babu baada ya Alasiri, angali na pumzi yake, amnase, aandike na tarehe, na jina la mzee, na jina la aliyemfunza mzee huyo.