Cheko la nyumbani: mtafutieni mtoto Mufwankolo

Kila likizo inapokaribia munaniuliza swali lilelile: watoto watazame nini kwenye simu? Juma hili nina jibu moja tu. Watafutieni Mufwankolo.

Waliokua Manika au Musonoie zamani wameshaanza kucheka. Kwa wamama vijana nieleze kidogo. Mufwankolo ni jina la mchekeshaji wa Lubumbashi, na ni jina la kundi lake la kuigiza, yeye na Kachelewa na wenzao, wanaume kwa wanawake. Kwa miaka mingi walisikilizwa kwenye radio, kisha wakaonekana kwenye televisheni ya kule. Sasa baadhi ya michezo yao inapatikana kwenye YouTube. Sauti si safi kila mahali na picha imechoka, lakini mtoto akishaingia ndani ya hadithi haulizi tena habari ya picha.

Kwa nini hawa, wakati simu zimejaa vichekesho vya dakika moja? Niseme wazi kama mwalimu: vingi vya hivyo vifupi vinamcheka mama. Mama mnene, mama mwenye kupenda franka, mama asiyejua Kifaransa. Na mambo hayo yanaingia darasani. Mtoto amesoma kitabuni «ninakuja», basi mwenzake akisema «minakuya» kama wanavyosema kwao, darasa lote linacheka. Kumcheka yeye ni kumcheka pia mama yake aliyemfundisha kusema. Kazi yangu ni kufundisha Swahili bora, na ninaifanya. Lakini mtoto anayeona haya kwa lugha ya nyumbani anaacha kumwuliza mama maswali, na hapo masomo yake yanapata hasara kubwa kuliko kosa la herufi moja.

Kwa Mufwankolo kila mtu anasema Swahili yetu ya Katanga, na vipande vya Kifaransa ndani yake. Mkubwa wa kijiji anaisema, mwizi anaisema, mwenye akili anaisema. Unacheka kwa sababu ya yale mtu anayofanya. Namna yake ya kusema si kichekesho.

Mchezo wao ninaoupenda kuliko yote ulizaliwa kwenye sahani ya kuku. Mwaka 1986 Johannes Fabian, mwalimu wa mambo ya desturi za watu aliyewahi kufundisha chuo kikuu cha Lubumbashi miaka ya 1970, alikuwa anakula na rafiki zake mjini humo. Akapewa firigisi. Munajua wenyewe firigisi ni ya nani nyumbani. Mmoja mezani akasema maneno haya: mamlaka yanaliwa mazima, hayagawanywi. Fabian akawauliza watu wa Mufwankolo maana yake ni nini. Wao wakatunga mchezo mzima wa mkubwa na watu wa kijiji chake, wakauita kwa Kifaransa Le pouvoir se mange entier, wakaenda kuucheza kijijini Kawama, karibu na Lubumbashi, ili upigwe picha za televisheni.

Hawakuwa na karatasi ya maneno ya kukariri. Walikaa, wakajadiliana hadithi, wakagawana kazi: wewe utakuwa mkubwa, wewe mke, wewe mgomvi. Kisha kila mmoja alitafuta maneno yake mwenyewe wakati wa kucheza. Mwaka 1990 Fabian alitoa kitabu juu ya mchezo huo, na ndani yake maneno yao ya Swahili yaliandikwa jinsi yalivyotoka kinywani. Yaani Swahili yetu ya nyumbani imechapwa kitabuni, na watu wa chuo kikuu wanaisoma! Mwambieni mtoto hivyo.

Sisemi kila mchezo wao ni wa kila umri. Kuna ulevi, kuna ugomvi wa ndoa, na mara nyingine mwanamke anapewa kazi ya kupiga kelele tu. Kwa hiyo msimwachie mtoto simu na kwenda jikoni. Tazameni pamoja, na mchezo ukiisha mwulizeni: nani alikuwa na haki? Kama ingekuwa hapa kwetu, yule mgomvi angekuwa nani? Wakubwa kidogo muwaulize habari ya firigisi: kwetu nani anaila, na kwa nini? Baba akiwa amerudi kutoka kazi ya usiku, na yeye ajibu. Ninangojea kusikia jibu lake.

Juu ya mega: michezo hii ni mirefu, na kutazama moja kwa moja kunakula franka. Mmoja wenu apakue mchezo mara moja, wengine wapewe kwa Bluetooth. Au nendeni kwa wale vijana wanaojaza nyimbo kwenye kadi za simu, wapeni jina la Mufwankolo, watatafuta. Umeme ukikatika, simu yenye betri inatosha watoto watano wakisogeleana.

Mkutano ujao nitakuja na kadi yangu yenye michezo miwili. Mwenye kutaka aje na simu yenye nafasi, na afute kwanza zile video za dakika moja.