Mkaa wa Pumba Usiwe Kisingizio

Makamanda, najua mtauliza huyu dada wa sheria leo kaingiaje kwenye mambo ya udongo. Nivumilieni kidogo.

Mama yangu analima mpunga Ifakara. Kila msimu anakopa hela ya urea, na mvua kubwa ikipiga, sehemu ya mkopo wake inaondoka na maji. Hatua chache kutoka shambani, pembeni ya mashine ya kukoboa, lundo la pumba linachomwa mpaka linabaki majivu.

Pumba hizohizo ukizichoma kwenye pipa lenye hewa kidogo sana, unapata mkaa wa shambani, wataalamu wanauita bayocha. Una vitundu vingi, na uso wake una chaji hasi ambayo huongezeka kadiri unavyozeeka ardhini. Urea ikivunjika inakuwa amoniamu, yenye chaji chanya, kwa hiyo mkaa unaishika. Potasiamu na kalsiamu vilevile. Majivu yaliyomo yanapunguza asidi ya udongo. Lakini tusidanganyane: naitreti ina chaji hasi, hiyo haishikiki kirahisi. Na mkaa mpya ukiumwaga peke yake unaweza hata kuunyima mmea naitrojeni. Uchanganye kwanza na samadi au mboji.

Uso huohuo unashika pia risasi na kadimiamu. Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanza. Juzi tukijadili chuoni habari za mboga za bonde la Msimbazi, jamaa mmoja akasema, "Si wakulima wamwage tu mkaa?" Jamani! Tangu mwaka 1999 watafiti walichapisha kwamba mboga za kando ya mito Sinza na Msimbazi zina madini mazito. Leo dawa iwe mkulima anunue mkaa, na anayemwaga uchafu mtoni aendelee?

Mkaa unashika sumu, hauifuti. Kumweka mtuhumiwa mahabusu siyo kumaliza kesi, na sisi wa upinzani hilo hatuhitaji kufundishwa. Asidi ya udongo ikirudi, kadimiamu inaweza kuachiwa tena. Aseniki ndiyo kabisa: mkaa ukipunguza asidi, yenyewe inaweza kuzidi kutembea. Kwa hiyo bila kupima udongo, tunabahatisha na afya za watu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 4, inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Haikusema haki hiyo ainunue kwa gunia.

Basi tudai mambo matatu. Moja, ruzuku ya mbolea iende pamoja na kipimo cha udongo. Mbili, ile asilimia 4 ya vijana kwenye mapato ya ndani ya halmashauri ivikopeshe vikundi vinavyotaka kugeuza pumba kuwa mkaa, bila kuulizana kadi ya chama. Tatu, anayechafua mto azuiwe palepale anapomwagia, na gharama alipe yeye.

Kwenye mkutano ujao wa kijiji au mtaa wako, nyoosha mkono uulize: udongo wetu umepimwa lini? Wakikosa jibu, andika hilo kwenye muhtasari. Sisi wanasheria tunaita huo ushahidi.